Kutazama Pande Mbili

Garimoshi lilikuwa na magoti mabovu, asema Joxemiel,
ndiyo maana njia hii inapanda
bila kukubali kwamba inapanda.
Wahandisi walizunguka kila kilima kwa adabu,
walipochoka kuzunguka wakatoboa.
Faida leo ni yetu, mimi na kaka yangu,
miaka mia na thelathini na tisa ukitujumlisha,
baiskeli mbili za kukodi, kengele moja inayolia.

Stesheni ya Urdazketa siku hizi ni mkahawa.
Dirisha la tiketi linauza supu ya maharage.
Saa ya ukutani wameiacha ilipokatia tamaa,
saa nne na dakika kumi na saba,
na msichana wa kaunta, kipini puani,
anatueleza kwamba zamani hapa palipita treni.
“Kumbe!” asema Joxemiel, akipuliza supu yake.

Baba alikuwa mlinzi wa kivuko, kilomita ya kumi na nne.
Miaka ishirini na miwili akifunga mnyororo, akifungua mnyororo,
bendera nyekundu kwapani.
Kampuni ilipofilisika ilimwandikia barua mbili:
ya kwanza ya shukrani,
ya pili ya kibarua.
Kung’oa reli. Malipo kwa mita.

Akang’oa.
Tulimpelekea chakula mchana, na kila siku
chakula kilikwenda mbali zaidi.
Mataruma yakaja nyumbani: yakawa zizi la kondoo, yakawa ngazi,
yakawa kuni za majira mawili ya baridi,
mkate ukanuka lami.
Alikula akanyamaza.
Mtu anayelipwa kuifuta kazi yake
kwa mikono ileile iliyoifanya,
utamuuliza nini?

Handaki la tatu ndilo refu.
Taa zinawaka ukifika, zinazima ukishapita,
kama mwenyeji bahili anayekusindikiza na mshumaa wake.
Maji yanadondoka shingoni, baridi, moja moja.
Nikapitisha kidole ukutani: masizi, bado.
Nikakifuta kwenye suruali,
halafu nikajuta kukifuta.

Nje, kangaga huku na huku, ng’ombe watatu,
mto unaojisemea.
Vijana wa nguo za kubana wakatupita kwa kishindo,
“Aupa!”, wakamezwa na kona
kabla hatujapata pumzi ya kuwajibu.

Kisha kilomita ya kumi na nne.
Nyumba haina paa. Mtini umeota
palepale lilipokuwa jiko, na una matunda.
Mnyororo haupo. Kigingi chake kipo,
kimeliwa na kutu hadi kikawa chembamba,
mtu angeweza kukitundikia kofia, si zaidi.
Barabara ya matrekta inakatiza hapa.

Joxemiel akashuka. Akaikokota baiskeli
akatoka njiani, akasimama kule barabarani,
pale tuliposimama na mabegi ya shule
na Baba akatushika masikio, akatugeuza vichwa:
Tazama. Sikiliza. Tazama tena.

Kaka yangu akatazama upande wa mto.
Akasikiliza.
Akatazama upande wa handaki, kwa muda mrefu,
mzee wa miaka sabini na mmoja, kofia ngumu ya manjano,
akihakikisha kwamba hakuna kitu
ambacho baba yetu alikitoa kwa mkono, mita kwa mita.
Ndipo akavuka.

Nikacheka. Hakucheka.
“Haya, njoo,” akaniita kutoka ng’ambo,
na sauti yake ikawa ile ya kunipeleka shule.

Basi nami nikakokota baiskeli yangu hadi barabarani.
Upande wa handaki: giza, taa zimeshatusahau.
Upande wa mto: mtoto wa kike,
baiskeli nyekundu, ndogo, inayumba,
na mwanamume anakimbia nyuma yake, ameinama,
mkono karibu na kiti, bila kukigusa.

Nikasimama.
Nikangoja apite.